Joho Tupu katika Nchi ya Gambani

Anayetaka ramani ya kwenda Gambani asinijie mimi. Nilikwenda, nikakaa siku kumi na moja, nikarudi na viatu vyangu vyote viwili. Ushahidi gani tena mnautaka? Ninachoweza kusema bila kuapa ni kwamba nchi hiyo imo ndani ya mnyama mmoja wa pwani za mbali, aitwaye kaa wa kwato kwa sababu gamba lake limekaa kama kwato ya farasi. Wasomi wanasema si kaa hata kidogo, ni jamaa wa nge na buibui. Ana mkia kama msumari. Kwa nje anajikokota taratibu kwenye tope, hamuudhi mtu. Kwa ndani ni taifa zima, lina sheria zake na lina wakubwa wake.

Kinachomshtua mgeni kwanza ni mto. Mto wa Gambani ni wa buluu, na sisemi buluu ile ya kusifia maji, nasema buluu ya wino chupani. Mimi kabla ya kustaafu nilisoma mita za maji miaka thelathini na moja, na nimeona maji ya kila rangi yakitoka bombani, lakini hayo yalinishinda. Wenyeji wakaniambia ni shaba. Damu yetu sisi hubeba pumzi kwa chuma, ndiyo maana ni nyekundu na huenda ndiyo maana tuna hasira. Yao hubeba pumzi kwa shaba, na watu wenyewe ni wapole kama sufuria iliyosuguliwa. Mto huo hauendi kwenye mabomba kama yetu; unamwagika tu nchi nzima, hadi miguuni, hadi mkiani, halafu unarudi kupitia Lango la Kurasa kuchukua pumzi mpya. Hapo pana ngozi nyembamba zilizopangwa kama kurasa, mamia kwa mamia, zikifunguka na kujifunga. Ndicho kitabu pekee katika nchi ile. Hakuna anayekisoma, kazi yake ni kupumua.

La pili ni kazi. Mwenyeji wangu aliitwa Mwinjaka, mtu wa mviringo, mwenye sauti ya kukwaruza, askari wa doria kama walivyo wote. Nilimuuliza, kama mgeni yeyote mwenye adabu, nchi yao imejipangaje.

"Hapa polisi ni nani?"

"Sisi."

"Zimamoto?"

"Sisi."

"Na paa likitoboka, fundi wa kuziba?"

"Sisi, babu. Mbona una njaa ya vyeo hivyo?"

Nikaona aibu kidogo. Nilikotoka mimi, mtu wa kufungua koki haruhusiwi kuifunga, na wa kuifunga yuko likizo.

Kila mwananchi wa Gambani huzaliwa na mshipi kiunoni, na kwenye mshipi mna vibindo ishirini vya gundi iliyolala. Sheria ya nchi ina kifungu kimoja tu, na kila mtu anakijua kwa moyo: *Atakayesikia harufu ya joho, afungue.* Joho ni vazi la adui. Maadui wa nchi ile ni vijidudu vinavyopenya kila paa linapopata ufa, na vinavyoogopwa kuliko vyote huvaa joho la mafuta lenye harufu isiyofichika. Ukisikia harufu hiyo, unafungua vibindo vyako vyote. Gundi inamwagika, inashikana na ya jirani yako na ya jirani yake, inaganda, na kufumba na kufumbua pana ukuta. Adui kanaswa ndani. Nawe umo ndani vilevile. Kufungua ni mara moja maishani, na aliyefungua harudi nyumbani kula. Hawasemi amekufa. Wanasema amesimama, na wakipita wanamwamkia.

La tatu ndilo lililonitia kiburi, na kiburi hicho mtaona kilinifikisha wapi. Watu wale hawana kumbukumbu ya adui. Hakuna daftari, hakuna jalada, hakuna picha ukutani ya anayetafutwa.

"Hamumwandiki?" nikauliza siku ya pili, tukiwa tumekaa kwa Mwinjaka na mkewe Shinuna.

"Tumwandike wa nini?" akasema Mwinjaka. "Akija leo ni wa leo."

"Na akirudi kesho?"

"Atakuwa wa kesho."

Nikawacheka. Nikawaambia kwamba mwilini mwetu sisi mna waandishi maalumu. Surua ikiingia mara moja tu utotoni, inaandikwa, na ukiwa mzee wa miaka sabini waandishi bado wanaijua kwa sura na kwa mwendo.

Shinuna alikuwa akikagua mshipi wake. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuuliza swali lile ambalo hukulitaka.

"Na hao waandishi wenu, babu, hawakosei?"

"Hukosea mara mojamoja."

"Wakikosea?"

"Humwandika mwenye nyumba."

"Eh! Halafu?"

"Halafu wanampiga mwenye nyumba. Tunavimba viungo, vidole vinapinda, daktari anatupa dawa ya kuwatuliza waandishi."

Shinuna alicheka mpaka akashika mlango. "Mwinjaka, umesikia? Wana walinzi wasomi, na wanawanywea dawa!"

Mume na mke hao walipendana sana, na kama ilivyo desturi ya wapendanao walikuwa na ugomvi mmoja wanaoutunza. Shinuna alilinda Uchochoro wa Mguu wa Tatu, njia nyembamba inayoingia ndani ya mguu na isiyo na mlango wa pili. Mwinjaka alilinda njia panda, mdomoni mwa uchochoro huohuo. Maana yake harufu ikisikika mdomoni, sheria inamtaka Mwinjaka azibe. Na akiziba, mkewe anabaki upande wa pili, milele, kwa kuwa Gambani hakuna aliyewahi kubomoa ukuta. Kila asubuhi Shinuna alimwambia, "Usifungue kabla hujaniona," naye akajibu, "Sheria haimngoji mke wa mtu." Kisha wanaagana. Nilidhani ni mzaha wa nyumbani mpaka siku ya tisa.

Siku hiyo, mchana, nilikuwa na Mwinjaka njia panda. Paa lilitikisika; kitu cha nje, labda jiwe, kiligonga kiungo cha mguu. Mimi sikusikia harufu yoyote, pua yangu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Lakini watu wote waliokuwa wakipiga soga walinyamaza na kugeuka upande mmoja, kama mashamba ya mtama upepo ukibadilika.

"Joho," akasema Mwinjaka.

"Wapi?"

Akaelekeza kidevu. Alikuwa akiutazama mdomo wa Mguu wa Tatu, na Shinuna alikuwa ameingia humo asubuhi na wenzake sitini.

Ndipo akafika Mkuu wa Pua. Cheo hicho ni kikubwa kuliko vyote Gambani, na aliyekishika ni Hatibu Makungu, mzee mwenye pua pana na hatua ndefu. Mkuu Makungu alikuwa ametangulia kunusa hatari zote za miaka mingi, na vibindo vyake ishirini vilikuwa bado vimejaa, tena vimefungwa fundo juu ya fundo. Watu walimtania chinichini kwamba Mkuu hunusa kwa pua yake, hufungua kwa vibindo vya wengine.

"Jipangeni!" akapaza sauti. "Vidole mafundoni!"

Wakajipanga watu kama arobaini, Mwinjaka mstari wa mbele. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibindo cha kwanza.

Nami nikatembea mbele kwenda kutazama. Hakuna aliyenizuia, maana sheria yao haikuwahi kumfikiria mtu asiye na pua. Kwenye kona ya uchochoro, limenasa kwenye ukingo, nikakuta joho. Nililiinua kwa ncha ya fimbo yangu. Nikalitikisa. Nikachungulia kwenye shingo.

"Tupu!" nikaita. "Hamna mtu humu! Mwenyewe kafa zamani, limebaki vazi!"

Mstari mzima ukashusha pumzi. Mwinjaka akaondoa mikono kiunoni.

"Nani amekuamuru ushushe mikono?" akauliza Mkuu.

"Mkuu, kama hamna mtu ndani, tunamzuia nani?"

"Sheria inataja harufu. Mtu haikumtaja."

Bibi mmoja mstari wa nyuma akadakia, "Kwa hiyo Mkuu nikikuta kamba iliyoanikiwa joho, nami nisimame pale mpaka kiama?"

"Usimame!" akasema Makungu. "Joho lile lichemshe, likaushe, lisage liwe unga: harufu ni ileile na sumu ni ileile. Na si mimi peke yangu ninayesema. Mwaka juzi paa lilitobolewa, likashuka bomba la chuma kutoka kwenye mwanga, likanyonya theluthi ya watu wetu, likapanda nao. Mnadhani huko juu walitaka nini kwetu? Walitaka pua!"

Watu wote wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka kwenye mwanga. Mkuu naye akanigeukia.

"Kweli au uongo, mgeni?"

Hapa ndipo nilipaswa kudanganya. Maishani mwangu nimedanganya kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo. Lakini nilikuwa nimeshapanda juu ya ujuzi wangu na sikujua kushuka, nikajibu kama mwanafunzi wa mbele: kweli. Nikaeleza kwamba kwetu dawa ya sindano, kabla haijaingia mshipani mwa mgonjwa, huonjeshwa kwanza gundi ya watu waliotolewa Gambani. Gundi ikiganda, dawa inamwagwa.

"Hata kama kijidudu chenyewe kilikufa zamani?"

"Hata kama kilikufa zamani. Joho lake peke yake linatosha kumtia mgonjwa homa ya kumtoa roho."

"Mmesikia," Mkuu akawaambia watu wake. Mikono ikarudi kwenye mafundo.

Mwinjaka alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. "Babu," akasema polepole, "wewe uko upande gani?"

Nikajiona mjinga kamili. Nimetoka nchi ya waandishi na kumbukumbu, nimekula kwa watu siku tisa, na kwa mdomo wangu mwenyewe namzibia mke wa mwenyeji wangu. Nikatafuta kichwani ujuzi mwingine wowote niliochuma katika utumishi wangu, na nikakuta umo mmoja tu.

"Mkuu," nikasema, "kwetu jambo zito kama hili haliamuliwi barabarani. Huundiwa kamati."

"Kamati inafanya nini?"

"Inakaa."

"Halafu?"

"Inaahirisha, halafu inakaa tena."

Mwinjaka hakuwa mjinga. "Inaweza kuchukua muda gani?" akaninong'oneza.

"Kikomo chake hakijapata kuonekana."

"Kamati!" akapiga kelele. "Tunataka kamati!" Na watu arobaini ambao vidole vyao vilikuwa kwenye mwisho wa maisha yao wakaipenda kamati mara moja, bila kuijua.

Makungu alikunja uso. Akauliza, kama mtu asiyejali, "Na mwenyekiti wake huwa nani?"

"Ni wewe, Mkuu. Nani mwingine?"

Akakohoa. Akarekebisha mshipi. "Basi na tukae kidogo," akasema.

Nimehudhuria vikao vingi, ila vya Gambani vilinifurahisha. Wajumbe kumi waliteuliwa. Walijadili kwanza nani akae wapi, maana wote walitaka kukaa mbali na mdomo wa uchochoro. Kisha wakajadili kama joho *limeingia* au *limeletwa*. Mjumbe mmoja alitaka kwanza ielezwe maana ya tupu. "Nyumba yangu mimi ikiwa tupu," akasema, "bado ni yangu." Mwingine akamjibu, "Yako ni tupu hata ukiwemo," na mwenyekiti akamtaka aifute kauli hiyo, naye akasema ataifutaje na hakuna aliyeiandika.

Wakati wao wanabishana, Mwinjaka alikuwa amesimama kwenye mdomo wa uchochoro, mikono kinywani, akiita, "Shinuna! Tokeni! Tokeni wote!"

Wakaanza kutoka. Njia ni nyembamba na joho lilikuwa limeziba nusu, kwa hiyo walitoka mmojammoja, kwa ubavu, kila mmoja akiziba pua na kushikilia vibindo vyake visijifungue vyenyewe. Kumi. Ishirini. Mwinjaka alimtazama kila atokaye usoni, halafu akamsukuma pembeni bila salamu. Arobaini. Kamati ilikuwa imefika kwenye tafsiri ya neno *harufu*. Hamsini na tano. Shinuna hakuwemo.

Kisha tukasikia sauti yake toka ndani kabisa, na haikuwa sauti ya mzaha.

"Mwinjaka! Wako huku nyuma! Ufa uko kifundoni! Wamevaa, na wamo ndani ya nguo zao!"

Kwa hiyo joho lile lilikuwa tambara la mmoja aliyetangulia, na wenyewe, wazima, walikuwa wanakuja na mto. Kila mtu aliyepo alielewa jambo hilo mara moja. Mkuu wa Pua, na mimi pia, tulikuwa tumesema kweli, yeye juu ya hatari, mimi juu ya joho tupu, na kweli zetu mbili zilikuwa zimebakiza wanawake na wanaume sita ndani ya mguu.

Nilitazamia Makungu apige amri. Hakupiga. Aliinuka kwenye kiti katikati ya sentensi ya mjumbe, akasema, "Kikao kimeahirishwa," akaenda kwa hatua zake ndefu mpaka mdomoni mwa uchochoro, akasimama katikati ya njia.

"Mwinjaka," akasema, "mvute mkeo. Mimi nipo."

Watano wakatoka mbio wakimpita kwapani. Shinuna alikuwa wa mwisho, na nyuma yake, kwenye buluu ile, niliona wanakuja: weusiweusi, wanang'aa kwa mafuta, wengi kuliko nilivyotaka kuhesabu. Makungu akashika kibindo chake cha kwanza, akavuta. Hakikufunguka. Akavuta tena. Mafundo ya miaka mingi, moja juu ya jingine, yalikuwa yamekuwa kama jiwe.

Angeweza kupiga kelele watu wamsaidie. Alinung'unika tu, "Ah, jamani."

Shinuna alikuwa ameshampita, ameshatoka, mkono wake umo mkononi mwa mumewe. Akageuka.

"Mkuu! Umefunga kama mtu anayehama nyumba!"

"Ng'ata, mwanangu, usihubiri."

Akapiga magoti, akang'ata. Fundo la kwanza, la pili, la tatu, anatema nyuzi huku anatukana, na Mwinjaka amemkumbatia kiunoni kwa nyuma tayari kumng'oa. Kibindo cha kwanza kilipofunguka, vingine vikafuata vyenyewe, kama habari mbaya mtaani. Gundi ikabubujika. "Mtoe!" akasema Makungu, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho kama mtu anayetembea. Mwinjaka akavuta, wote wawili wakaanguka chali juu ya kamati. Kushoto na kulia wengine kumi na tisa walikuwa wamefungua bila kuamriwa. Nilipofumbua macho palikuwa na ukuta, mweupe, laini, umesimama kutoka dari hadi sakafu, na ndani yake vile viweusiweusi vimetulia kama zabibu kavu ndani ya keki.

Mto ukaendelea kupita pembeni. Kisha watu wakaanza kumwamkia mmojammoja, Mkuu kwanza halafu wale kumi na tisa, kwa majina. Shinuna aliuwekea ukuta kiganja, akautazama juu na chini. "Shikamoo, Mkuu," akasema. "Samahani kwa meno."

Kesho yake kamati ilikaa tena. Msishangae, ndivyo kamati zilivyo, na mimi ndiye niliyewaletea. Wajumbe tisa waliobaki walisema swali la msingi halijajibiwa: je, joho tupu ni adui au si adui? Watano walisema si adui, kwa kuwa kama wangeliziba mara moja, watu sitini na mmoja wangepotea kwa ajili ya tambara. Wanne walisema ni adui, kwa kuwa lilisema kweli kuhusu waliokuwa nyuma yake. Wakaanza kutupiana maneno makali, hata nikaona hamu ya nyumbani. Mwishowe mmoja akapendekeza kielelezo chenyewe kiletwe mbele ya kikao, kikaguliwe.

Tukaenda kulichukua. Nusu ya joho ilikuwa imening'inia nje ya ukuta, nusu ilikuwa ndani. Mwinjaka akashika pindo, akavuta. Halikusogea. Wajumbe wawili wakamsaidia. Wakaja wanne. Mwishowe kamati nzima ilikuwa imejipanga kama watoto wanaovutana kamba, wanahema, wanapeana lawama, na ukuta umelishika tambara lile tupu, lisilo na mtu, kwa nguvu zilezile ulizowashikia wenye nguo.

Shinuna alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Liacheni," akasema. "Mwenyekiti bado ana hoja."

Akaanza yeye kucheka, na kicheko kikapita mstari mzima mpaka mjumbe wa mwisho akaachia pindo na kukaa chini. Hakuna aliyependekeza kura. Walijipangusa, wakaliacha joho lilipo, wakaondoka mmojammoja kwenda doria, na kamati ya kwanza ya Gambani ikaisha hivyo, bila taarifa na bila kumaliza neno *tupu*.

Jioni, tukiwa nyumbani kwao, nilimwona Shinuna amemkalisha mumewe mbele yake, anamlegezea mafundo ya kiunoni, kibindo baada ya kibindo, polepole, mpaka yote ishirini yakawa ya kuvuta kwa kidole kimoja. Alikuwa akimtukana kwa sauti ya chini muda wote. Mwinjaka alikuwa amefumba macho, anatabasamu, na hakumwambia aache.